Mgeni wa Jumapili Saa Nane

Ukitaka kumkasirisha Mithika kabla ya chai ya saa nne, mwombe akuandikie jina la marehemu kwa zile herufi za kupindapinda za kadi ya harusi.

"Marehemu haoi wala haolewi," atakujibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

Nimefanya kazi naye miaka minane katika duka la kuchapisha lililo mkabala na hospitali ya misheni hapa Nkubu. Mimi hupokea wateja na kuendesha mashine ya fotokopi, yeye hupanga maandishi. Tunachapisha kadi za harusi, mitihani ya shule, kalenda za makanisa, na zaidi ya yote programu za mazishi, maana mochari iko karibu na kazi haichagui. Naitwa Gladys, mtu wa Runyenjes, na sisi watu wa Embu hatujui kunyamaza. Mithika ni mtu wa Kiirua, na sijui huko nani aliwafundisha kunyamaza hivyo.

Ana miaka arobaini na saba na hajaoa. Anakaa chumba kimoja nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi, chumba chenye kiti kimoja. Nilipomuuliza mgeni akija atakaa wapi, alisema mgeni akija atakaa kwenye kiti na yeye atakaa kitandani. Nikamuuliza mgeni wa mwisho alikuja lini. Akajifanya anatafuta wino.

Mtu mwingine akitembea sokoni huangalia bei ya viazi. Mithika huangalia maandishi. Atasimama mbele ya bucha dakika nzima akinung'unika kwamba aliyepaka lile neno "nyama" aliishiwa na nafasi akaibana ile herufi ya mwisho ukutani kama mtu anayebebwa na pikipiki ya watu wanne. Siku moja alimwambia mchungaji kwamba bango la kanisa lina aina saba za herufi na kwamba Mungu ni mmoja. Mchungaji hakurudi dukani mwaka mzima. Nilimwambia Mithika ulimi wake utamfukuzia wateja, akaniambia wateja wabaya ndio watakaofukuzika.

Na alikuwa na tovuti yake. Si ya duka, ni yake mwenyewe. Aliijenga kwa mkono, mstari kwa mstari, saa ya chakula cha mchana, mimi nikila chapati na maharagwe karibu yake. Hakutaka zile za kununua zikiwa tayari. Aliiandika kwa Kimeru, na miezi mitatu ya kwanza ilipotelea kwenye zile herufi zetu za i na u zenye kialama kichwani. Fonti nyingi hazizijui. Unaandika neno zuri, kumbe herufi moja katikati imeazimwa kutoka fonti nyingine, imesimama nene kuliko wenzake. Hilo lilimuuma kweli. Alijaribu fonti kumi na tisa mpaka akapata moja iliyozikubali herufi zote sawasawa, na siku hiyo alininunulia soda.

"Sasa fungua usome," akaniambia.

"Nitasoma nikifika nyumbani."

Sikusoma. Miaka ile yote nilikaa mita moja kutoka kwake na sikusoma. Nimeisoma sasa, kwa kuchelewa, na Kimeru na Kiembu ni ndugu, ukienda polepole mnaelewana. Hakuna makubwa mle. Anaandika mvua ilivyonyesha. Anaandika kwamba ukurasa ukijazwa maneno mpaka ukingoni, msomaji hana pa kuweka kidole gumba. Mahali pamoja ameandika: "Leo maharagwe yamechukua saa tatu kuiva. Ni ya mavuno ya mwaka juzi. Nimekaa nayo." Hiyo ndiyo habari nzima ya siku ile. Niliisoma mara mbili nikafunga simu, kwa sababu siku hiyo anayoitaja wajukuu walikuwa wamejaa nyumbani kwangu, nami nilimwona akitoka kazini akielekea huko kwake peke yake, na sikumwalika.

Lakini chini ya kila ukurasa, kila mmoja, kuna orodha ya majina sita. Ni majina ya watoto wa baba yake, kuanzia kifungua mimba mpaka kitinda mimba, na jina la mwisho ni Kailemia. Lazima nieleze habari ya Kailemia, maana bila yeye hakuna tovuti.

Baba yao alifariki miaka kumi na miwili iliyopita. Wakati huo Mithika alikuwa kwenye duka jingine la kuchapisha, kule Meru mjini karibu na Gakoromone, na nani angepewa kazi ya programu ya mazishi kama si mtoto mwenyewe wa kazi hiyo? Aliipanga vizuri. Majina ya watoto aliyaweka ndani ya kisanduku kwenye ukurasa wa tatu. Jumatano, siku moja kabla ya mazishi, mjomba akapiga simu akasema picha ya mzee ni ndogo, mzee hakuwa mtu mdogo, ikuzwe. Mithika akaikuza kidogo tu. Ile picha ikakibana kisanduku, na mstari wa mwisho ukaanguka nje ya ukingo, mahali usipoonekana. Kwenye kompyuta orodha ilionekana imekamilika, imetulia, haina kasoro. Nakala zikapelekwa kwa jamaa wazikague. Unajua watu wanavyokagua programu: kila mtu alitafuta jina lake, akaliona, akasema iko sawa. Kailemia alikuwa kazini Isiolo, alifika asubuhi ya mazishi yenyewe. Zikachapishwa mia tatu.

Kwetu sisi watu wa mlima huu, majina ya watoto wa marehemu husomwa kwa sauti. Anayesomwa anasimama, umati unamwona, halafu baadaye ndiye anayetia udongo. Na ile programu haitupwi. Inawekwa kabatini, na siku watu wakigombania shamba, inatolewa: huyu ni mtoto wa yule, iliandikwa hapa. Kuachwa nje ya programu si jambo la kusema pole likaisha.

Msomaji akasoma jina la tano. Dada yao akasimama, akaketi. Kailemia alikuwa ameshaanza kuinuka, ameshika mgongo wa kiti cha mbele. Msomaji akageuza ukurasa akaanza wajukuu. Mithika alinisimulia jambo hili mara moja tu, na alipofika hapo alisimama mwenyewe nusu, magoti yamekunjwa, kunionyesha jinsi ndugu yake alivyobaki. Halafu Kailemia akanyooka, akapangusa suruali, akapita katikati ya shamba la viazi mpaka barabarani. Simu yake haikupatikana jioni ile, wala baadaye. Maneno yakaanza: Kikulacho ki nguoni mwako, huyu Mithika amemkata mdogo wake ili shamba ligawanywe mafungu matano. Mwaka wa pili mtu mmoja alisema amemwona Kailemia Nairobi, Gikomba, akiuza viatu. Mithika alizunguka Gikomba wiki nzima akitazama wauza viatu. Hakumwona.

Ndiyo maana moyoni aliachana na karatasi, ingawa mikono yake bado inaifanyia kazi. "Kwa mtandao," aliniambia, "ukurasa unarefuka kadiri ya maneno. Hakuna anayeanguka nje." Alitaka siku moja Kailemia atafute jina lake mwenyewe, kama watu wanavyofanya wakiwa wapweke, na alikute limeandikwa.

Miaka ikapita na hakuna aliyekuja. Tovuti ina mahali panapoonyesha wageni: siku gani, saa ngapi, mji gani. Sifuri, sifuri, sifuri. Nilimtania. Nilimwambia, "Wewe nawe, oa mke upate mtu wa kumsomea." Alicheka kidogo. Nikikumbuka utani huo sasa naona haya.

Halafu Jumatatu moja ya Januari mwaka jana alifika kazini kabla yangu, na mimi ndiye mwenye kufika mapema. Alikuwa amesimama.

"Gladys, jana kulikuwa na mtu."

"Wapi?"

"Kwa tovuti. Saa nane na dakika tano. Amekaa dakika hamsini. Amesoma kurasa kumi na moja." Akanigeuzia kompyuta nione. "Nairobi."

Jumapili iliyofuata mgeni alirudi, saa nane. Na iliyofuata. Siku nyingine hafungui kabisa, ila Jumapili saa nane hakosi, anakaa karibu saa nzima, anasoma kila neno jipya na kurudia ya zamani. Mithika hakuwa na shaka hata chembe. Nani mwingine Nairobi angesoma Kimeru saa nzima? Muuza viatu hupumzika siku gani kama si Jumapili?

Sijawahi kumwona mtu akibadilika hivyo. Alinyoa ndevu. Alianza kuandika kila siku, na vizuri, kwa sababu sasa alikuwa na wa kumwandikia. Alimwandikia habari za nyumbani, ng'ombe aliyezaa, mti ulioanguka, nani ameoa. Mwishowe akaandika wazi: "Kailemia, najua ni wewe unayekuja Jumapili saa nane. Sikukukata. Picha ilikuzwa, mstari ukaanguka, na mimi sikuhesabu. Nilipaswa kuhesabu mpaka sita. Usinijibu kama hutaki. Njoo tu usome." Mgeni alisoma ukurasa huo Jumapili iliyofuata kwa dakika arobaini, ukurasa huo peke yake. Jumatatu Mithika alinionyesha hizo dakika arobaini, na mimi nilifurahi naye, nasema kweli.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulipenda. Mithika alikuwa na desturi ya kwenda Kiirua kila Jumapili kumwona mama yake, Ciakuthii, mjane anayekaa peke yake, maana watoto wengine wametawanyika. Alikuwa akifika huko saa nane, wakati mama ametoka kanisani. Jumapili ile ya kwanza alikosa gari akabaki Nkubu, na mgeni alipoanza kuja, akaacha kabisa. Aliomba ufunguo wa duka, na kila Jumapili alijifungia humo, akikodolea macho ile alama ndogo inayosema kuna mtu mmoja anasoma sasa hivi.

"Si uende tu," nikamwambia. "Hiyo hesabu utaikuta Jumatatu."

"Gladys, huwezi kuelewa. Ile alama ikiwaka, ni kama tuko chumba kimoja."

"Na mamako?"

"Nimemtumia sukari na unga. Nampigia." Na kweli alimpigia, Jumatano, dakika mbili. Mwaka mzima na nusu alienda Kiirua mara tatu.

Mwezi wa saba mwaka huu, mgeni hakuja. Jumatatu Mithika alisema labda ni mtandao. Jumapili ya pili hakuja. Jumapili ya tatu Mithika alikaa dukani kutoka saa sita mpaka jioni, na Jumatatu sikuhitaji kuuliza. Ndevu zilikuwa zimerudi. Alikosea tarehe kwenye kadi ya harusi, mtu ambaye kwa miaka minane hakuwahi kukosea nukta.

"Amekufa," akaniambia. "Au nimeandika kitu kibaya. Nimesoma yote tena, sioni ni nini."

Alikuwa ameandika ukurasa mpya, mstari mmoja: "Kailemia, fungua hata kidogo, nijue uko hai."

Alhamisi ya wiki hiyo, Mithika akiwa amepeleka mitihani shuleni, aliingia mama mmoja mzee, kitambaa kichwani, sweta jeupe la akina mama wa kanisa. Alikuwa mwembamba na aliweka mguu mmoja ndani kwanza, akaangalia sakafu, ndipo akaleta wa pili.

"Muga, mwari wakwa," akanisalimu kama binti yake. "Mithika ako?"

"Ametoka kidogo, cucu," nikamjibu, nikimwita bibi kwa lugha za kwetu. "Anarudi. Karibu ukae."

"Mimi ni mamake. Nimekuja hapa hospitali, kliniki ya macho." Aliketi, akafungua kitambaa cha mkononi, fundo kwa fundo, akatoa simu akaiweka kwenye kaunta. "Lakini shida yangu ni huyu simu. Iliniponyoka ikaanguka kwa ndoo ya maziwa. Inawaka, lakini nikifinya imenyamaza tu. Sasa ni Jumapili tatu sijamsoma."

"Hujamsoma nani, cucu?"

"Mithika. Si anaandikanga hapa ndani?" Alinitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma kwa ujinga. "Alinipea hii simu yake ya zamani Krismasi ile ingine, na ilikuja na maneno yake. Nikitoka kanisa, Karambu wa duka ananiwekea bando ya saa moja. Naenda nyumbani, nakaa, nafungua saa nane. Si ndiyo saa alikuwa anakujanga?"

Nilijua, na nilipaswa kujua mapema. Simu ikishika mtandao wa hewani, hata ukiwa Kiirua katikati ya viazi, njia yake hupitia mitambo ya Nairobi, na zile hesabu huandika Nairobi. Mithika ndiye aliyenieleza jambo hilo miaka iliyopita, akiwacheka watu wanaoamini kila mji wanaoonyeshwa. Alilijua kabisa. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na yeye alikuwa majini miaka kumi na miwili.

Nasema ukweli, nilitaka kuificha ile simu. Nilitaka nimwambie cucu nitaitengeneza mwenyewe, aende kliniki, na Mithika asijue kamwe. Nilikuwa nimenyoosha mkono niichukue wakati Mithika alipoingia na karatasi zake kwapani.

"Mami!" akasema. Alifurahi na kuaibika kwa wakati mmoja, ungeona. Akainama kumsalimu, na macho yake yakaanguka juu ya simu iliyokuwa kwenye kaunta, inawaka. Kioo kilikuwa kimeganda kwenye ukurasa wa mwisho aliokuwa akisoma mama kabla ya ndoo ya maziwa. Mithika hakuhitaji kuusoma. Mtu aliyechagua fonti ile kati ya fonti kumi na tisa huijua kwa mbali. Ulikuwa ni ule ukurasa wa "Kailemia, najua ni wewe."

Alizungumza Kimeru, na mimi naandika nilivyoelewa.

"Mami, ni wewe ulikuwa unasoma? Jumapili?"

"Ni mimi."

"Saa nane?"

"Saa nane."

Aliziweka karatasi chini, lakini hapakuwa na meza pale alipoziweka. Zikasambaa sakafuni na hakuna aliyeziokota.

"Kwa hivyo Kailemia hajawahi kuja."

Mama alitazama mikono yake.

"Na uliona nikimwandikia yeye. Ulisoma."

"Nilisoma. Hiyo nilisoma mara nyingi."

"Sasa kwa nini hukuniambia ni wewe?" Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mwaka mzima, mami. Mwaka na nusu nikifikiri..."

Ciakuthii alikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Ulikuwa umeacha kuja," akasema. "Nikaona, huyu akijua ni mimi, ataacha hata kuandika. Mimi ningebaki na nini?"

Mashine ya fotokopi ilikuwa inanguruma bure, nikaizima. Mithika aliketi kwenye kigoda cha wateja akalia. Sikujua kama alimlilia ndugu yake au alimlilia mama yake, na si la kuuliza. Mteja mmoja alichungulia mlangoni, nikamwashiria aende.

Baadaye alijipangusa kwa mkono wa shati. "Nitakuja, mami. Jumapili hii nitakuja, na kila Jumapili."

"Utakuja mbili, tatu," mama akasema, bila uchungu, kama anayetaja msimu wa mvua. "Halafu kazi itakuja. Wewe nitengenezee simu."

Mithika alivuta droo, akatoa bisibisi ndogo, akaondoa kifuniko cha nyuma. Maziwa yalikuwa yamekauka ndani, meupe, yanatoa harufu. Akaanza kuyakwangua polepole, na mama akasogeza kigoda chake karibu ili aone, uso wake ukiwa karibu kugusa mkono wa mwanawe.

"Na uandike kubwa," akamwambia. "Daktari anasema jicho moja limeshaenda."

Bisibisi ikasimama.

"Jicho gani, mami?"

"La kushoto," akasema Ciakuthii. "Ni mwaka sasa."